Upinde wa Mkono wa Kushoto

Mtu aliyezoea kukamua ng'ombe tangu ujana wake hajui afanye nini na alfajiri isiyo na kazi. Lyle Brekke alilitambua hilo mwezi wa Aprili, wiki ile malori yalipowachukua ng'ombe wake wote aliokuwa amewauza, zizi likabaki na harufu yao tu. Aliendelea kuamka gizani, akaketi jikoni na kikombe cha kahawa, akilitazama dirisha kama mgeni aliyewahi mno karamuni. Majirani walimpa pole. Mwenyewe hakuwa na hakika kama alistahili pole au pongezi, na huenda katika jambo kama hilo hakuna anayeweza kuwa na hakika.

Kabla ya ng'ombe alikuwa mwindaji wa upinde. Kila vuli yeye na kaka yake Harlan walipanda miti ya bondeni, wakawangoja kulungu kimya hadi miguu ife ganzi. Kisha baba yao akamwachia zizi, na ng'ombe hawajui msimu: wanataka kukamuliwa asubuhi na jioni, saa zilezile kulungu wanapotembea. Lyle aliuuza upinde wake mwaka uleule, akasema atanunua mwingine mambo yakitulia. Mambo hayakutulia mpaka nywele zilipokuwa na mvi.

Agosti ilipofika Harlan alimjia bila hodi, kama kawaida yake.

"Mwezi ujao msimu unafunguliwa," akasema. "Nimekufungia jukwaa juu ya ule mwaloni mkubwa. Safari hii usiniletee habari za ng'ombe. Huna hata mmoja!"

Lyle alicheka. Alitaka kuwa juu ya mti ule siku ya ufunguzi kuliko alivyotaka kitu chochote kwa miaka mingi. Alijua pia sheria ambayo baba yao aliirudia mezani hadi ikawachosha: asiye na hakika na mshale wake asipande mti, maana mnyama aliyejeruhiwa na kupotea hamlishi mtu.

Wakaenda kwa Noreen Pautz, mjane auzaye pinde katika ghala la zamani la nafaka nje ya mji. Noreen alimpima Lyle mikono yake ikiwa imenyooshwa kama msalaba, kwa kuwa pinde za siku hizi, zenye kapi mbili nchani na kamba zinazopishana, hukatwa kwa kimo cha mtu kama suti.

"Kamba uivute kwa nguvu kiasi gani?" Noreen akauliza.

"Ratili sabini, kama zamani."

Harlan akakohoa. Lyle akapokea upinde, akaivuta kamba, bega likapanda, mshale ukaelekea darini.

"Kulungu hawana mbawa, bwana," Harlan akasema. "Unamtafuta popo?"

"Mwache, Harlan," Noreen akasema, tayari ameshika bisibisi. "Wanaume wote wanaingia hapa na ratili sabini. Wakitoka wanakuwa na hamsini na tano, na mgongo mzima."

Kwa hamsini na tano upinde ulitii. Kapi zikageuka, uzito ukayeyuka mikononi, na Lyle akasikia utulivu ule wa zamani ambao hakujua kwamba alikuwa ameukosa. Akaachia mara tatu. Mishale mitatu ikasimama pamoja, imebanana kama ndugu kitandani, ila yote kushoto mwa shabaha, upana wa viganja viwili.

"Sogeza tu kile kidoti cha kulengea kwenye upinde," Harlan akasema. "Kazi imekwisha. Tulipe, twende tukale samaki."

Noreen hakugusa kidoti. Alikwenda akasimama upande wa pili wa ghala, akamwambia Lyle aweke upinde chini, anyooshe mikono, aviunganishe viganja ili kibaki kitundu kidogo, kisha amtazame puani kupitia kitundu hicho, macho yote mawili wazi.

"Ninaona jicho lako la kushoto," akasema. "Lile la kulia lilipatwa na nini?"

Lyle akaligusa jicho. "Ng'ombe alinichapa mkia. Ilikuwa Januari, mkia umeganda barafu. Daktari alisema limepona."

"Limepona kusoma gazeti. Kulenga limemwachia mwenzake."

"Si anaweza kulifunika la kushoto?" Harlan akauliza. "Kuna watu wanaweka kitambaa."

"Anaweza. Tujaribu."

Noreen akamfunga Lyle kitambaa, akazima taa iliyokuwa juu ya shabaha, ghala likabaki na mwanga wa jioni, hafifu kama wa saa ya kuwinda. Lyle akavuta. Kile kidoti cha kijani kikageuka ukungu, kikaonekana viwili, kikatoweka. Aliachia kwa sababu mkono ulichoka, na mshale ukagonga ubao wa fremu kwa mlio ambao hakuna aliyeutolea mzaha.

Noreen akashusha upinde mwingine ukutani, wa mkono wa kushoto, unaolengwa kwa jicho la kushoto, akaulegeza hadi ratili arobaini na tano. Kila kitu kikawa kinyume. Lyle alihisi kama mtu anayejifunga kamba za viatu mbele ya kioo. Mkono wa kushoto haukuzoea kuvuta, mshale ukaanguka chini mno. Lakini ulisimama katika mstari wa katikati. Wa pili pia. Akamrudishia Noreen ule wa kulia.

"Nachukua huu," akasema.

"Wiki tatu, Lyle!" Harlan akasema. "Utajifunza mkono mpya kwa wiki tatu?"

"Sitaweza. Siku ya ufunguzi utapanda peke yako. Msimu unakwenda hadi Januari. Nikiwa tayari theluji ikianguka, nitakuja. Nisipokuwa tayari, nitakuja kukusaidia kuburuta kulungu wako."

"Kuburuta! Mwaka jana sikupata hata sungura."

"Basi nitakuja kukucheka."

Lyle akalipa, wakaingia garini. Njia nzima Harlan aliendesha gari akilitazama shamba la mahindi kama lililomkosea, na Lyle, upinde magotini, alijiuliza kama alikuwa mwenye busara au mwoga aliyepata sababu nzuri.

Kwenye njia panda ya nyumbani Harlan alipita bila kukata kona.

"Tunakwenda wapi?"

"Mwalonini. Jukwaa nililifunga kwa mtu wa mkono wa kulia. Kwa mkono huo wako, njia ya kulungu yote ingekuwa mgongoni." Akavuta pua. "Spana ya kuligeuzia iko chini ya kiti chako. Na utapanda wewe, mimi magoti yananiuma."