Shemeji anataka nivunje mfumo nilioutengeneza kazini, nimekataa

Habari zenu wapendwa. Naomba mfiche jina langu na la kampuni. Singida ni ndogo, wanaonijua watanijua tu, lakini wacha nitoe la moyoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike. Kwetu ni Kinyangiri ila naishi Singida mjini, nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya kusambaza intaneti. Nakaa mbele ya kompyuta kuangalia kama minara yetu iko hewani. Kazi hii nilitafutiwa na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye mkuu wa mafundi pale. Nalisema hilo mapema kwa sababu nakumbushwa kila siku.

Tulikuwa na programu mbili. Moja inaonyesha mnara gani umezima. Nyingine, ya kampuni tofauti kabisa, inapokea malalamiko ya wateja. Zilikuwa hazijuani. Mnara wa Iguguno ukizima, naona alama nyekundu, nampigia fundi, halafu naandika lalamiko mwenyewe kwenye ile ya pili. Baadaye shemeji anapita, "Funga hilo, limeshughulikiwa." Nafunga. Mara nyingi fundi alikuwa hata hajatoka mjini, na mimi nilijua. Mwaka mzima nilifunga malalamiko ya watu wasio na mtandao ili ripoti ya shemeji ya mwezi ipendeze. Hili sijawahi kumwambia mtu.

Siku moja akapiga nesi wa kituo cha afya kimoja upande wa Mkiwa. Hakufoka. Alisema, "Dada, nimeletewa ujumbe kwamba mmeshatengeneza. Hii ni siku ya nne hatuna mtandao. Wagonjwa wa bima siwezi kuwahakiki. Leo nimemrudisha bibi mmoja bila dawa ya presha, na amekuja kwa miguu. Kesho akirudi nimwambie nini?"

Aliyefunga lile lalamiko ni mimi.

Basi nikaanza kujifunza habari za API. Kwa asiyejua, ni kama dirisha ambalo programu moja inaliacha wazi ili nyingine iulize na ijibiwe, bila mtu kukaa katikati. Nilimwomba meneja ruhusa ya kuziunganisha zile programu mbili, akakubali. Niliisoma wiki sita, nikikosea na kurudia. Nilipoijaribu mara ya kwanza, mnara mmoja uliokuwa unazima na kuwaka ulifungua malalamiko zaidi ya mia kwa asubuhi moja, mafundi wakanicheka mpaka wakachoka. Nikairekebisha, ikawa inasubiri dakika tano kabla ya kulalamika. Ikakaa sawa. Sasa mnara ukizima, lalamiko linajifungua, fundi anapata ujumbe kwenye simu yake, na lalamiko halijifungi mpaka mtambo wenyewe uitike kwamba umerudi hewani.

Hapo ndipo nilipoharibu, kwa maneno ya shemeji. Ripoti ya mwezi ule ilitoka na ukweli wote ndani, na meneja akamwita ajieleze. Alipotoka alikuja moja kwa moja mezani kwangu.

"Niwekee kitufe cha kufunga mwenyewe," akasema.

"Kipo, shemeji. Ukikibonyeza kinaandika jina lako na sababu. Kitumie."

"Mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Najua, na nashukuru. Lakini hukunileta nije kudanganya wagonjwa."

Wiki iliyofuata nikaona alama nyekundu kwenye mnara wa Mkiwa, lakini hakuna lalamiko lililofunguka wala fundi aliyepata ujumbe. Nilipochunguza nikakuta ule ufunguo wa siri unaoziruhusu programu zangu mbili kuongea umefutwa, na aliyefuta ameingia kwa jina la shemeji. Nikatengeneza mwingine, nikamwandikia meneja barua pepe yenye ushahidi, na nakala nikampelekea shemeji mwenyewe ili asije kusema nilimsema pembeni. Amepewa onyo la maandishi.

Jumapili tukaitwa Iguguno kwa mama mkwe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku anaangalia pembeni. Shemeji alikuwa ameshafika.

Mama akasema, "Mwanangu, kompyuta ndiyo ya kukugombanisha na ndugu wa mume wako? Mwombe radhi, ukaondoe hicho kitu."

"Mama, kama nimekosa adabu kwa maneno, naomba radhi hapa hapa mbele yako. Hicho kitu siondoi."

Nikapiga magoti nikaomba radhi ya maneno, kisha nikasimama. Mume wangu hakufungua mdomo. Njiani kurudi ndipo akasema, "Ungeitikia tu yaishe, halafu ukafanya unavyojua." Nikamwambia kuitikia yaishe ndiko nilikofanya mwaka mzima.

Tangu siku hiyo mume wangu analala amenigeuzia mgongo. Mama mkwe hapokei simu zangu. Shemeji amesema hakanyagi kwetu mpaka nibadilike. Lakini yule nesi alipiga juzi kusema mtandao ulikatika asubuhi na fundi akafika kabla ya saa sita mchana. Hakujua kwamba ni mimi niliyetengeneza, na sikumwambia.

Sasa ndugu zangu, asiniandikie mtu kwamba nizitenganishe zile programu, wala kwamba nirudi kupiga magoti mara ya pili. Hayo nimeshayaamua. Ninachouliza ni kuhusu mume wangu, ambaye bado nampenda. Mwanaume aliyenyamaza siku niliyomhitaji aseme neno moja tu, naanzaje kuongea naye tena? Walio kwenye ndoa, niambieni.