Siku Tuliyoiteka Ngome ya Warumi

Sisi tuliokuwa wasichana kijijini Samuye miaka ya hamsini safari zetu zilikuwa kisimani, shambani na kanisani, basi. Kwa hiyo mwalimu alipotangaza kwamba Jumamosi tunakwenda kuiona ngome ya Warumi, usingizi uliniruka. Wavulana wa seminari moja upande wa Kahama walikuwa wamejenga upya ngome ya kale, wakifuata michoro ya padre aliyewafundisha Kilatini, na shule za jirani zilialikwa kuja kuishambulia.

Tulipanda lori la pamba la Baba Karim, mwenye duka, tukakalia magunia matupu huku tunatafuna michembe, viazi vyetu vya kukausha. Tuliimba mpaka vumbi likatuziba makoo. Rafiki yangu Kabula alisimama njia nzima ili awe wa kwanza kuiona Roma.

Alipoiona akapiga kelele, "Minza! Mbona hili ni zizi la babu yako?"

Kweli, zilikuwa kuta za udongo, magogo yaliyochongwa ncha, na handaki kuzizunguka. Lakini juu ya kuta walisimama Warumi wenyewe, vibuyu vichwani vimechomekwa manyoya ya jogoo, ngao za ngozi mkononi.

Padre akatoa sharti: watakaoingia kabla ya kengele ya adhuhuri watakula mbuzi aliyekuwa akichomwa humo ndani. Harufu yake ilitutesa. Shule za wavulana zikajaribu, zikaishia handakini. Ndipo mkuu wa Warumi, kijana aitwaye Masanja, akatucheka, "Wasichana wakae kivulini! Tutawaletea mifupa."

Kabula akawatazama ng'ombe wa seminari wakirudi kutoka kunywa maji. "Minza, si wewe unachunga?"

Kwetu hapakuwa na mtoto wa kiume, nilichunga mimi. Mama alinikanya kila siku, "Mtoto wa kike hapigi mluzi." Siku hiyo nikatia vidole mdomoni nikaupiga. Kundi likageuka kuelekea langoni, nasi nyuma yake na vigelegele. Lango halikuwa na komeo, lilishikiliwa kwa mabega tu. Warumi walipoona pembe zinakuja, wakatupa ngao wakakimbia!

Masanja akakwea mnara wa ulinzi, kibuyu kimemfunika macho. "We msichana, ondoa hao ng'ombe!"

"Kwanza tuamkie!"

"Shikamooni!"

"Marahaba!" tukaitikia wote. Padre alicheka mpaka akafuta machozi, akatukatia paja la yule mbuzi.

Mama alipopata habari alinuna. Kesho yake, tukiwa wawili jikoni, akaniomba nimfundishe mluzi ule.

Mvua iliyofuata ikaiangusha ngome, na Kabula sasa hayupo. Wajukuu zangu wameiona Roma kwenye simu, wamelala chali, mguu juu ya mguu, wananionesha kuta za mawe zilizojengwa upya. Ni nzuri, sikatai. Nawaambia mimi niliingia humo na ng'ombe mbele yangu, wanacheka, wanadhani bibi kazeeka.