Kitambaa cha Miguu ya Baba

Baba yangu hakuwa akifuta maji ya udhu. Akimaliza kutawadha pale nje penye tangi, husimama kidogo akisoma dua yake, kisha huvaa soksi miguu ingali yachuruzika maji. Juu ya soksi huvaa viatu vyeusi vya kufunika, maana njia ya kwetu Likoni kwenda msikitini huwa matope, na baba hakupenda kuingia nyumba ya Mungu na miguu michafu. Mara tano kwa siku. Ukimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Mwanangu, wataka nifute thawabu zangu?" Hakufundishwa hivyo na mtu wa elimu. Alimuona babake akifanya, naye akashika hivyo hivyo.

Fangasi zilimwanza mguu wa kulia, baina ya kidole cha mwisho na jirani yake. Ngozi ikawa nyeupe, ikalainika, ikaanza kubanduka. Alikuwa akipaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu thaumu, na nyumba nzima ikinuka kama jikoni. Sisi tukicheka. Fangasi za miguu nani asiyewahi kuzipata? Tulisahau kwamba yeye alikuwa na ugonjwa wa sukari.

Muuguzi wa kliniki ya sukari hakucheka. Alimwamkia baba shikamoo, akachutama chini, akampanua vidole kimoja kimoja. Akampa dawa ya kupaka na kumwambia asiiache muwasho ukiisha, aendelee mpaka amwambie basi. Soksi za pamba, zibadilishwe kila zikilowa. Ndara za chooni msikitini, zile za kila mtu, asizivae. "Lakini kubwa ni kukausha, mzee. Dawa juu ya maji ni kazi bure." Kisha akanigeukia mimi. "Baba yako miguu yake haihisi vizuri tena. Hapo pakichanika hatajua. Mtazame wewe, kila siku."

Kila siku. Nilisema sawa.

Nikachana shuka kuukuu, nikapata vitambaa vinne vya miguu peke yake, vya kufuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani. Kimoja nikakitundika kwenye msumari karibu na tangi. Jioni nakishika, kikavu. Kesho yake nakishika, kikavu. Nikamleta mwalimu wa madrasa aje aseme naye, na mwalimu akamwambia wazi kwamba kufuta hakuharibu udhu wala hakupunguzi kitu. Baba akamsikiliza kwa adabu zote. "Naam, sheikh, ahsante." Kitambaa kikabaki kikavu vile vile.

Mimi nina hamaki, siwezi kuificha. Ijumaa moja nilimkuta anavuta soksi juu ya miguu majimaji, nikamwambia maneno ambayo hadi leo nayasikia: "Basi, baba. Miguu ni yako, shauri yako." Hakukasirika. Alisema, "Haya, mwanangu," akaenda kuswali. Nami nikanuna kama mtoto. Wiki tatu sikumtazama miguu.

Kilichonirudisha ni harufu. Nilimvua soksi kwa nguvu, nikaona mguu umevimba hadi kifundoni, na baina ya vile vidole pana ufa ulioingia ndani, umeoza. Alikuwa akiutembelea mpaka msikitini na kurudi. "Haukuumi?" nikamuuliza. "Hauniumi," akasema, tena kwa upole, kana kwamba ananipa habari njema. Hospitali wakamkata vidole viwili.

Aliporudi nyumbani alikuwa akimaliza udhu huniita, "Njoo," akaunyosha mguu juu ya kigoda, akatazama upande mwingine. Namkausha, napaka dawa, namvalisha. Miaka miwili tukaenda hivyo. Nilitaka kumuomba radhi kila siku, na kila siku naona haya. Sijui kama aliniachia nimfute kwa kuamini maneno ya mwalimu au alinihurumia tu. Nadhani alinihurumia.

Kilichomchukua ni moyo, haukuwa mguu. Tulimuosha nyumbani, mimi na ndugu wawili wa babangu, na mwoshaji mzee wa mtaa akituongoza. Maiti akishaoshwa hufutwa maji kabla ya kuvishwa sanda. Mwoshaji alifuta kifua, mikono, mapaja, akapitisha kitambaa juu ya miguu upesi upesi, kazi imekwisha.

Nikamuomba kile kitambaa. Mguu wa kulia ulikuwa na vidole vitatu, nafasi mbili tu za kukausha. Nikamuomba baba radhi hapo, kwa sauti, mbele ya baba zangu wadogo. Nilikawia kuliko ilivyohitajika, na hakuna aliyeniambia niharakishe.