Siku Niliyosahau Kukojoa Njiani

Ukisafiri na mimi, jiandae kusimama. Shule niliishia darasa la tano, ila vichaka vyote kutoka Samuye mpaka Kahama navijua kuliko bwana misitu. Ukishavuka sitini, kibofu ndiyo dereva. Wewe unashika usukani tu.

Kaka yangu mkubwa yeye akipanda gari hashuki mpaka afike. Asubuhi ya safari hanywi hata chai. Anakaa mbele, kioo amefunga, kofia magotini, na kila nikiegesha anasema, "Haya, kamwagilie miti ya serikali."

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Katoro. Mtoto wa mwisho wa kaka alikuwa mchimbaji huko, na jana yake duara lao, lile shimo wanaloshukia kutafuta dhahabu, lilikuwa limeporomoka naye yuko chini. Wenzake walikuwa wanafukua. Kaka akaja kwangu alfajiri na mkewe, nikatoa kigari changu. Shemeji akakaa nyuma amekumbatia mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika. Nikanyoosha mkono nichukue kimoja, akanichapa kiganja.

"Acha, shemeji. Vya mwanangu hivi. Akitolewa atakuwa na njaa."

Nikasimama Tinde. Nikasimama tena kabla ya Isaka. Kaka akasema, "Wewe ungekuwa ng'ombe tungeshakuuza." Shemeji akacheka kidogo, nikafurahi, maana kazi niliyojipa siku hiyo ilikuwa hiyohiyo, kuwachekesha.

Kahama nikashuka kujaza mafuta, simu ikaita. Alikuwa kijana aliyekuwa anachimba na mtoto wa kaka.

"Baba mdogo, shikamoo. Tumemtoa. Lakini hatunaye."

Nikasema marahaba. Sijui kwa nini nilisema marahaba.

"Wazee usiwaambie njiani," akasema.

Hilo hakuwa na haja ya kunifundisha. Kwetu mzazi hapewi msiba akiwa barabarani. Unasema bado, unasema mgonjwa, unaendesha mpaka afike kwenye watu wa kumshika. Nikarudi garini nikasema, "Wanaendelea kufukua," halafu nikaanza hadithi ya siku niliyofukuzwa na nyuki suruali ikiwa magotini. Nikaivuta ikawa ndefu. Ilipoisha nikaunga nyingine. Niliwasimulia mpaka koo likakauka, na moyoni nikajisifu: kumbe naweza kuficha jambo, mimi ambaye mke wangu ananisoma hata nikimpa mgongo.

Tulipoiacha Bugarama nyuma, kaka akasema taratibu, "Tangu Kahama hujasimama."

"Nimejikaza, kaka."

"Wewe?"

Nikatafuta utani. Maisha yangu yote utani umekuwa karibu, kama leso mfukoni. Siku hiyo nilipapasa nikakosa. Hapo ndipo nikasikia tumbo la chini linavyoniuma. Lilikuwa linauma muda mrefu, mwenyewe sina habari.

"Simamisha," akasema kaka.

Akashuka. Akaenda pembeni ya barabara akasimama ametugeuzia mgongo, kofia mkononi. Malori ya mgodini yalikuwa yanapita yanammwagia vumbi, wala hakujifunika.

Shemeji akainama mbele. "Anafanya nini pale?"

"Anakojoa, shemeji."

"Huyo?"

Akamwangalia. Mabega ya kaka yalikuwa yanacheza, na mtu anayekojoa mabega yake hayachezi, hilo nalijua mimi bingwa wa vichaka. Shemeji hakupiga yowe. Nilikuwa nimejiandaa kwa yowe, nimeshika usukani kwa mikono miwili kama gari linakwenda. Nikasikia tu mfuko unafunguliwa fundo. Mkono wake ukapita katikati ya viti, ukanijazia kiganja.

"Kula, shemeji," akasema. "Na kaka yako umpe akirudi."

Matobolwa ni magumu, hayapiti bila maji. Nikatafuna hivyohivyo.