Ng'ombe Weupe wa Kinamasi

Nikiwa mtoto, kabla sijaambiwa darasani kwamba mvua hutoka baharini, nilijua kwa hakika kwamba mvua ya kwetu ilitoka kwenye kinamasi kilichokuwa chini ya boma letu. Nilijua kwa sababu Koko aliniambia, na Koko hakuwa mtu wa kubishiwa. Koko ndiyo bibi kwa Kiarusha. Huyu wangu alikuwa mama yake Baba, mwembamba, mwepesi wa kusema watu na mzito wa kusamehe, na nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja.

Kwetu ni juu ya Ngaramtoni, magharibi ya Mlima Meru, upande ambao mlima ukigawa mvua huwa na mkono wa birika. Asubuhi za masika, jua likishapata nguvu, ukungu ulikuwa ukiinuka kwenye matete ya kinamasi na kupanda taratibu kufuata bonde, hadi unapotelea msituni. Koko alisema wale ni ng'ombe weupe. Usiku wanalala kinamasini na kunywa, asubuhi wanapanda mlimani kwenye malisho, jioni wanarudi wameshiba, wamekuwa weusi, wanalia. Kilio chao ndiyo ngurumo. Tulikatazwa kuwahesabu kwa kidole, kama tulivyokatazwa kuhesabu ng'ombe wa Baba. Tulikatazwa pia kukata matete msimu wa mvua, maana ng'ombe asiyeona pa kulala hatarudi. Niliamini yote hayo bila shida. Leo nafundisha jiografia sekondari, na bado nikiona ukungu unapanda mlimani, mkono wangu unajificha mfukoni wenyewe.

Baba hakuwa na muda na mambo hayo. Alikuwa mtu wa jembe, mcheshi, na alisifika kijijini kwa kuimba kanisani kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima. Tulikuwa watoto wengi na shamba la juu lilikuwa limechoka. Mahindi yake yalifika kiunoni yakakata tamaa. Chini pale kulikuwa na udongo mweusi umekaa bure ndani ya maji. Kiangazi kimoja akaamua kuchimba mtaro wa kuyatoa yale maji mpaka korongoni, apande kabichi na viazi.

Koko alimfuata hadi ukingoni, akasimama na fimbo yake.

"Loserian, hao ukiwatoa, watalala wapi?"

"Mama, ule ni ukungu tu. Mimi nina watoto wa kusomesha."

"Ukungu huo ndio uliokukuza wewe."

Baba akacheka, akatemea viganja mate, akaendelea kuchimba. Maji yalitoka kwa siku nyingi, ya rangi ya chai, yakiwa na vyura ndani yake. Sisi watoto tulifurahi sana kuwakimbiza.

Siwezi kusema uongo, kabichi zilikubali. Zilikuwa kubwa hata mama yangu alishindwa kuzibeba mbili kichwani, na siku za soko pale Ngaramtoni wateja walikuwa wakiuliza ni za nani. Mzee Lomayani, jirani yetu na mzee wa kanisa, alikuja mwenyewe kuomba mbegu. Koko hakuonja hata jani. Alikula ugali kwa maziwa mgando, na maziwa yakikosekana alikula kwa chumvi, akitazama pembeni sisi tukila.

Masika iliyofuata, mawingu yalikuja kama kawaida. Ikifika saa sita yalikuwa yamejikusanya juu ya kilele, meupe, yanavimba. Watu walitoka mashambani wakasimama wakitazama juu. Alasiri yakaacha kukua. Jua lilipoanza kushuka yakachanika, yakayeyuka, na mlima ukabaki peke yake, msafi, kama vile hakuna kilichotokea. Ikawa hivyo siku ile, na siku zilizofuata, na wiki zilizofuata. Hatukusikia ngurumo hata moja. Mahindi ya kijiji kizima yalijikunja majani, kisha yakakauka yakiwa yamesimama.

Hakuna aliyemtukana Baba. Laiti wangemtukana. Walipunguza tu salamu. Kanisani aliimba, na safu ya mbele yake hakuna aliyegeuka kumtabasamia kama zamani. Wanawake bombani walinyamaza Mama akifika. Mwishowe Mzee Lomayani akaja nyumbani, akakaa, akakataa chai, nasi watoto tukaelewa kwamba jambo ni zito.

"Baba Neema," alisema, "mimi ni Mkristo, wewe ni Mkristo. Sisemi kwamba naamini mambo ya mama yako. Nakuomba tu uufukie ule mtaro."

Baba aliinamisha kichwa. "Nitaufukia," akasema.

Akaufukia mchana kweupe, peke yake, watu wakimwona. Lakini maji hayakurudi. Udongo ulikuwa umeshuka na kupasuka. Mguu wangu wa kitoto uliingia wote ndani ya nyufa. Ndipo akaanza kuchota. Alitoka bombani na ndoo mbili, wakati ambao hata maji ya kunywa yalikuwa ya kupanga foleni, akashuka nazo mpaka kinamasini, akayamwaga. Ardhi iliyameza kabla hajainua mgongo. Akarudi tena. Mama alimfuata akamshika mkono, akamwambia twende nyumbani, lakini Baba akaupangua mkono wake kwa upole. Nilikuwa na Koko mlangoni. Nilisubiri aseme neno la kumtoa mtoto wake pale, maana ni yeye tu ambaye angeweza.

"Wamehama," akasema, akaingia ndani.

Koko alikufa miaka michache baadaye bila kulirudisha neno hilo. Mvua zilinyesha tena, ndiyo, mwaka huu nusu, mwaka ule robo, lakini Baba hakuzichukulia kuwa zake. Akinyeshewa alikuwa akisema kwamba mvua hii imetoka kwa watu wengine. Kanisani aliendelea kwenda, lakini alihamia benchi la nyuma na sikumsikia akiimba tena.

Sasa Baba anakaa kwangu mjini, Lemara, tangu Mama alipofariki na miguu yake yeye ilipoanza kumsumbua. Hana makuu. Alikuwa na jambo moja tu: kila Jumapili baada ya ibada aliniomba simu, akampigia Mzee Lomayani, na baada ya kuulizana hali na mifugo aliuliza, "Pale chini pamelowa?" Na Mzee Lomayani, ambaye sasa naye amekula chumvi nyingi, alijibu kila mara, "Bado, Baba Neema. Tuombe Mungu." Baba alinirudishia simu na kukaa ameinama hadi chakula cha mchana. Nilikuwa nikiumia kumwona hivyo. Mtu mzima mwenye mvi, na bado anabeba ukame wa kijiji kizima mgongoni.

Jumapili moja ya mwaka huu, mlima ukiwa mtupu kwa wiki nyingi, nikaona yatosha. Nikavuta kiti, nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Nikamwambia Koko hakukosea sana. Jua linachoma miteremko, hewa inapanda mlimani, na inapanda na unyevu iliouokota chini, kwenye udongo uliolowa, kwenye majani, kwenye vinamasi. Unyevu ukitosha, wingu linakua mpaka linanguruma. Usipotosha, wingu linafika nusu na kuyeyuka, kama yale mawingu tuliyoyaona mwaka ule.

"Lakini kinamasi chetu kilikuwa kidogo, Baba. Peke yake kisingeweza kuzuia mvua ya mlima. Nyingi inaletwa na upepo kutoka mbali, na hii ya kwetu inahitaji ardhi yote ya chini iwe imelowa."

"Sasa nani aliizuia?"

"Mwaka ule sijui. Ila miaka hii, ni sisi wote. Hesabu vinamasi vilivyokaushwa kuanzia kwetu mpaka Usa River. Miti iliyokatwa. Nyumba zinazopanda mlimani. Ua langu hili lina zege tupu. Na joto la dunia nzima juu yake."

"Kwa hiyo si mtaro wangu."

"Si mtaro wako, Baba. Haukuwa mtaro wako hata siku moja."

Nilitegemea alie. Nilikuwa nimeshaandaa leso, na moyo wangu ulikuwa mwepesi, kwa sababu nilidhani namtua mzigo ambao ningepaswa kumtua zamani. Alitazama mikono yake.

"Wangu niliufukia," akasema. "Hiyo ya wengine nani ataifukia?"

Nilimwambia serikali inapanda miti, nikajisikia aibu kabla sijamaliza sentensi.

Jumapili iliyofuata nilimwekea simu mezani. Hakuigusa. Ya baada yake pia. Juzi Mzee Lomayani akanipigia mimi, sauti yake ikiwa na wasiwasi. "Neema, mzee mzima kweli? Mbona haniulizi tena kuhusu pale chini?" Nikamjibu kwamba anapumzika.

Miaka yote nilidhani lile kosa ndilo lililokuwa likimmaliza baba yangu, kumbe ndilo lililokuwa likimwamsha. Mtu aliyeifukuza mvua anaweza bado kuirudisha. Anaweza kupiga simu kila wiki na kuuliza. Nilimnyang'anya hilo kwa mapenzi, na kwa ukweli, na hakuna hata moja kati ya hayo mawili ninaloweza kulijutia. Sasa hana kosa tena, na hana cha kusubiri.