Bafle za Mbarara na Jina la Mama Esperansi

Ndugu zangu, habari hii nimewaficha watoto wangu mpaka leo, na kama si mke wangu kuguna kila akiona spika kubwa, hata ninyi nisingewaambia. Lakini aibu yenyewe imeshazeeka, acha niitoe.

Wakati ule tulikaa Misiera, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale huku Uganda, karibu na Base Camp penye ofisi za kambi, na mimi nilikuwa mtu wa sono katika kwaya ya kanisa letu, yaani mwenye kubeba vyombo, kufunga nyaya na kulaumiwa. Kwaya ilichanga maharage ya msimu mzima ikauza, wakanituma Mbarara kununua spika mbili ndogo za plastiki, na Papa Amisi, kiongozi wetu, akanirudilia mara tatu, "Ya kidogo, na ya mupya, unasikia?" Nilisikia vizuri sana. Nikafika Mbarara, nikapita kwa fundi mmoja wa redio, nikaona mlangoni pake bafle mbili za mbao (sisi Wakongomani spika tunaziita bafle), za zamani, nzito, zinanifika kiunoni, zina kitambaa cha kahawia mbele, na moyo ukanasa palepale, kwa sababu kule kwetu Uvira nikiwa mdogo kanisa kubwa lilikuwa na bafle za namna ile, zikipigwa unasikia tumbo linatikisika. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Fundi akaniambia, "Ssebo, bwana wangu, hii kitu ya zamani haiharibiki," na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nikanunua bila kuzisikia zikitoa hata chafya.

Jumamosi kwenye mazoezi nikaziunga na ampli, ile mashine ya kukuza sauti, nikawasha jenereta, kwaya nzima imesimama, mwimbaji akafungua mdomo, zikatoa kasauti kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Papa Amisi akaziangalia, akaniangalia. "Tulikutuma sono, weye unatuletea kabati." Wamama wa soprano walicheka mpaka wakakaa chini, na mke wangu alikuwa mmoja wao. Iliniuma, nawaambia ukweli, siku ile sikula.

Basi Jumanne asubuhi, watu wako mashambani, nikaenda kanisani peke yangu, nikazifungua nyuma, nikakuta panya ametafuna nyaya zote mbili, zimeshikana kwa kiuzi tu. Nikaunga upya, nikaziweka mlangoni zikiangalia nje upande wa bonde, mimi nikakaa nyuma yake na mikro, yaani kipaza sauti, karibu kabisa na jenereta linalonguruma, na kwa kuwa nilishazihesabu kuwa dhaifu, nikazungusha vifungo vyote vya ampli mpaka mwisho.

Sasa, watu wa kwingine wakijaribu mikro wanasema alo, alo, moja, mbili. Sisi wa Nakivale, mtu yeyote akishika mikro, hata mlevi akishika kopo tupu, anamwiga yule bwana anayetangaza majina ya wakimbizi waliokubaliwa kuhamia ng'ambo, kwa sababu ndiyo sauti tunayoingojea mwaka mzima. Na mimi nikamwiga. "Atansio, atansio! Wafuatao wafike Base Camp sasa hivi na karatasi zao, gari inangoja!" Nikataja jina la kwanza, la kutunga, nikataja la pili, la kutunga, la tatu likagoma kuja, na kwenye dirisha nikaona paa la Mama Esperansi, mjane jirani yetu aliyekuwa akilea wajukuu wawili na kungoja miaka minane amfuate binti yake Kanada. Nikasema, "Nabintu Esperansi, watu watatu!" Nikalirudia mara mbili kwa raha zangu, maana kule nyuma nilisikia kidogo tu, na nikasikitika moyoni kwamba Papa Amisi alisema kweli.

Nikazima, nikaanza kukunja nyaya. Nje nikasikia miguu. Watu wanakimbia, mama mmoja ana jembe begani, mwingine amebeba mtoto mwenye sabuni kichwani. Nikauliza, "Kuna nini?" Wakanijibu bila kusimama, "Weye uko kiziwi? Banaita majina!" Na mimi (msinicheke), na mimi nikakimbia! Nikapita nyumbani kuchukua karatasi zangu, nikawapita watu wengi njiani, huku nikimshukuru Mungu kwa sauti.

Base Camp hapakuwa na fasi ya kusimama. Tukangoja getini karibu saa nzima, askari Mganda akaingia ofisini kuuliza, akatoka amekunja uso. "Hakuna mtu ameita nyinyi! Nani alisema?" Mzee mmoja akamjibu kwamba wameita wenyewe, kwa spika, hata majina anayo, akaanza kuyataja. La kwanza nikashangaa, mbona nalijua. La pili nikalimaliza mimi kabla yake. Wale watu niliwatunga mimi! Bafle zangu zilikuwa zimevuka bonde mpaka mashamba ya upande wa pili, na wote walisema hivyohivyo, kwamba ilikuwa sauti ya mkubwa, nzito, safi. Sauti yangu mimi, ambayo kwaya ilishaikataza kuimba solo.

Nikaanza kurudi kinyumenyume. Ndipo akafika Mama Esperansi. Alikuwa ametoka shambani, ameoga, amevaa kitenge alichokiweka kwa ajili ya safari, wajukuu wamepakwa mafuta, na mkononi ana bahasha ya karatasi peke yake. Hakuwa na kitu kingine. Kwetu mtu akiitwa kwenye gari hangoji kesho, anagawa vitu vyake palepale, na yeye alikuwa ameshagawa: masufuria kwa huyu, godoro kwa yule, kuku wanne, jembe, hata ufunguo wa nyumba akamwachia jirani. Wanawake wakampigia vigelegele. Akaniona, akanishika mikono yote miwili. "Papa Neema, Mungu amenikumbuka."

Ningeweza kujitoa mikononi mwake nikapotea ndani ya umati. Lakini nikasema, "Mama, ni mimi." Hakunielewa. "Ni mimi niliyeita. Nilikuwa najaribu sono." Vigelegele vikakatika. Askari akanishika ukosi wa shati, "Wewe, unacheza na watu? Sema na nguvu, wote wasikie!" Ikabidi niseme mbele ya umati ule bila mikro, na kila nikisema walio nyuma wanapiga kelele, "Hatusikie!" nami nasema tena, mara ya tatu, mara ya nne, kwamba ni mimi, kwamba hakuna gari. Mke wangu alikuwa katikati yao na safari hii hakucheka.

Mama Esperansi hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alimwambia mjukuu mdogo avue viatu visichafuke, wakarudi kwa miguu. Nikawafuata mpaka Misiera, nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba vitu vyake, na vyote vikarudi ila kuku mmoja ambaye tayari alikuwa jikoni anachemka, tena ndani ya sufuria ya Mama mwenyewe.

Bafle zilibaki kanisani, kwaya za vijiji vingine zikawa zinakuja kuziazima, Papa Amisi akaniomba radhi kwa lile neno lake. Haikunisaidia kitu. Mwaka uliofuata, asubuhi moja nikiwa Base Camp, nikasikia jina la Mama likitangazwa, la kweli, na mwenye kazi yake. Nilikimbia mpaka shambani kwake, pumzi sina. "Mama, wamekuita!" Akainua kichwa, akaniona ni mimi, akainama akaendelea kupalilia. Nikaapa kwa jina la Mungu, nikaapa kwa mtoto wangu Neema, machozi yananitoka. Akasema polepole, bila hasira, "Enda uite pasta. Yeye mwenyewe akuje kuniambia."

Nikaenda kumwita pasta, na Mama alisafiri, ashukuriwe Mungu. Mimi ule umati nimeshausahau, na yule askari pia. Kinachoniuma ni kwamba habari aliyoingojea miaka yote ile ilipofika, mimi ndiye niliyempelekea, na hakuweza kuifurahia kwa kuwa ilitoka mdomoni mwangu. Mikro sijashika tena, na sitashika.