Sahihi Moja Kutoka Vesper

Delmar Kucera alikuwa mtu wa maneno machache hata mbwa wake akalazimika kusema kwa niaba ya wote wawili. Ukifika kwake, mbwa alikusalimu, akakuuliza habari za nyumbani, akakusindikiza mpaka kwenye gari. Delmar alisimama tu mlangoni, mikono mifukoni. Mimi Orpha Lindgren nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu, na mwenye kubisha aende akamwulize mbwa.

Nilimjua kwa sababu ya kaunta. Kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Cottrell, huku kwetu Nebraska, nilikuwa na kaunta ya chakula yenye viti sita. Nilikaanga mayai, nilichemsha kahawa, nilioka pai. Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kupalilia viazi sukari, lakini pai haihitaji cheti.

Mwaka huo wa sabini na sita viti vyangu vilikuwa havipoi. Serikali ilikuwa imesema kila aliyevaa sare wakati wa vita vya Vietnam ana haki ya kusomeshwa, na katika masomo hayo wakatia na urubani. Basi wanaume wa mashambani, ambao kabla ya hapo walipanda juu kwa ngazi ya ghala tu, wote wakataka kuruka. Wengine walitaka kazi ya kupulizia mahindi dawa. Wengine, nadhani, walitaka tu kukaa mahali ambapo mama watoto hawezi kuwaita.

Masharti yalikuwa mawili. Leseni ya kwanza, ile ndogo ya kujirusha mwenyewe, unaitafuta kwa jasho lako, kwa sababu serikali hailipii mchezo. Ukishaipata, unakwenda nayo kwenye ofisi ya serikali, nao wanabeba karibu gharama yote ya leseni kubwa, ile ya kazi. La pili ni muda. Miaka kumi tangu siku uliyovua sare, haki inakufa, na haina matanga.

Delmar aliingia mara ya kwanza mwezi wa Machi. Akakaa kiti cha mwisho, karibu na ukuta, akasema, "Nimebakiza mwaka mmoja na miezi minne, Bibi Orpha."

"Wa kuishi?"

"Wa kusoma."

Nikammiminia kahawa. Nikamwuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo, wenzake wanarukaruka kama panzi. Akafikiri kwa muda ambao ningeweza kuoka mkate.

"Shambani," akasema. "Baba aliumwa. Halafu mama. Sasa nimebaki mimi. Tangu Krismasi mpaka leo amekuja mtu mmoja, na huyo alikuwa amepotea njia."

"Ukamfanyaje?"

"Nikampa chakula. Nikamwelekeza barabara ndefu kuliko iliyopo, ili akae kidogo kunisikiliza."

Ukiacha moja, hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa kwenye kaunta yangu, nami nikajua papo hapo mtu huyu hatafuti ndege. Anatafuta kazi itakayomtoa kwenye ile nyumba.

Akauza ng'ombe kumi na mmoja, akaanza kujifunza kwa Verlyn Hatch. Verlyn alikuwa mwalimu wa urubani mnene, sigara haimtoki mdomoni, kiasi kwamba ndege yake ikipita juu watu walidhani inaungua. Kwa mambo mengine alikuwa mlegevu, ila kwenye madaftari alikuwa mkali. Wakaguzi wa serikali walikuwa wameifunga shule moja upande wa mashariki, kwa sababu iliandika saa za kuruka za watu waliokuwa wamelala majumbani kwao. Tangu hapo Verlyn alimwambia kila mwanafunzi: ukiruka peke yako kwenda mbali, kila unapotua mtu aliyekuona kwa macho yake atie sahihi kwenye daftari lako. Hakuna sahihi, hukufika.

Majira ya kiangazi yakaisha. Delmar akawa amebakiza jambo moja tu, ile safari ndefu ya peke yake: Cottrell mpaka Dunmore, Dunmore mpaka Vesper, Vesper kurudi Cottrell. Mtahini alikuwa anakuja kutoka Omaha Jumatatu ya katikati ya Oktoba, na hiyo ndiyo mara yake ya mwisho kabla ya theluji. Ukimkosa, unamngoja Aprili. Na kwa Delmar Aprili ilikuwa sawa na kutopata kabisa, maana haki yake ilikuwa inakufa Julai, na miezi mitatu haitoshi leseni kubwa kwa upepo wetu huu. Kuku wangu mmoja aliwahi kuchukuliwa na upepo huo akiwa ameatamia, akarudi baada ya wiki tatu na vifaranga wenye manyoya.

Jumamosi kukapambazuka shwari. Delmar akaja kuchukua kahawa. Clete Rasmus, mwenzake wa kijeshi aliyekwishapata leseni zote mbili na majivuno ya leseni tatu, akamwambia, "Delmar bwana, ukipotea tua penye ng'ombe. Wao wanajua nyumbani ni wapi."

"Ng'ombe wangu nimewauza."

"Basi wao ndio watakuwa wanakucheka."

Delmar akaondoka. Na sisi sote tuliokuwa pale, watu wazima wenye meno yetu, hakuna hata mmoja aliyekumbuka Jumamosi ile ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya mpira. Ule mpira wetu wa kubeba mikononi na kugongana vichwa. Timu ya chuo kikuu ikicheza, Nebraska nzima inajifungia na redio. Unaweza kuiba benki, jengo na vyote, ukakokota mpaka Kansas, na watu watagundua baada ya kipenga cha mwisho.

Dunmore alimkuta mwuza mafuta, ambaye alitia sahihi huku sikio liko kwenye redio ya dirishani. Vesper hakukuta mtu. Vesper ni ukanda wa majani wa kutulia ndege, katikati ya vilima vya mchanga, na kibanda cha bati. Mtunzaji wake alikuwa amefunga kufuli akaenda kwenye mpira. Delmar alikaa chini ya bawa la ndege saa tatu nzima. Aliniambia baadaye aliona gari moja, mbali, likipandisha kilima. Akasimama, akavua kofia akaipunga. Gari likashuka upande wa pili.

Alirudi jioni jua likiwa limelala. Verlyn akafungua daftari, akaona mstari mmoja mweupe.

"Ulitua Vesper?"

"Nilitua."

"Naamini. Mafuta yaliyotumika yanasema ulitua. Sasa chukua kalamu uandike jina. Jones, Smith, andika la ng'ombe ukitaka. Hakuna atakayejua."

"Siandiki, Mwalimu."

"Basi hapa Bibi Orpha ataandika."

Nikasema mimi sina neno. Uongo ndio kazi yangu ya pili, na wateja hawajalalamika. Nikanyoosha mkono. Delmar akalifunga daftari polepole, akaliweka chini ya kiwiko chake.

Verlyn akakasirika. "Wewe mtu umebakiza kesho tu! Kesho Jumapili, Vesper hakuna hata panya. Kesho kutwa mtahini yuko hapa. Unataka kuzikwa kwenye shamba lile kwa ajili ya mstari mmoja?"

Verlyn akatoka akibamiza mlango, na Clete akamfuata. Nikamwekea Delmar sahani ya maharage, nikaanza kufuta kaunta ambayo ilikuwa safi. Mtu asiyesema humsumbui, unafuta tu.

"Kule Vietnam nilikuwa karani," akasema, macho kwenye sahani. "Doria ikirudi kambini, nilikuwa na orodha. Kila aliyerudi anatia sahihi. Kulikuwa na jamaa mmoja, Teague. Alikuwa anachelewa kila mara. Anasimama njiani kununua ndizi. Sajenti alikuwa anamwadhibu. Basi nikawa namtilia sahihi mimi, halafu yeye anaingia baadaye anacheka, ananipa ndizi."

Akala kijiko kimoja.

"Siku moja nikamtilia. Orodha ikasema wote wamerudi. Hawakwenda kumtafuta mpaka kesho yake saa sita."

Sikumwuliza walimkuta vipi. Nilimwongezea mkate.

"Kesho nitaruka tena," akasema. "Nitakaa Vesper mpaka mtu apite. Asipopita, basi."

Alipoondoka nikampigia simu mtunzaji wa Vesper. Mkewe akasema mumewe yuko kwa dada yake mpaka Jumatatu, na yeye mwenyewe anaumwa mguu, hawezi kuendesha. Nikamtakia nafuu. Nikakata kuku, nikakaanga.

Sikumwambia Delmar, kwa sababu angenikataza. Mtu aliyezoea kutotembelewa huona aibu kumsumbua mgeni. Alfajiri nikatundika kibao cha "Pamefungwa" mlangoni, nikaingia kwenye pikapu ya marehemu mume wangu. Ni mwendo wa saa tatu mpaka Vesper. Mimi nilifika kwa saa mbili na dakika arobaini, na nilipofika kivuli changu kilikuwa bado kiko njiani. Kilinikuta nimeshakaa.

Nikakaa nyuma ya pikapu, blanketi begani, kapu miguuni. Nimeishi Nebraska maisha yangu yote, nimezika mume na mtoto mmoja, lakini sijawahi kusikia kimya kama cha Vesper siku ile. Majani yanainama, yanainuka. Kufuli inagonga bati. Nikawaza, hapa ndipo alipokaa jana saa tatu. Nikawaza pia kwamba tangu mume wangu afe sijawahi kumngoja mtu yeyote, na kwamba nilikuwa nimesahau jinsi kunavyouma shingo.

Saa tano na nusu nikaisikia ndege. Ikazunguka mara moja, ikashuka, ikagusa, ikaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, ikagusa tena, ikatulia. Delmar akashuka. Akaiona pikapu, akasimama pale pale alipo. Nilidhani atakimbia.

"Bibi Orpha. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kupunga upepo."

"Maili mia na sitini?"

"Wa nyumbani umenichosha."

Akaja polepole. Akalitoa daftari kifuani, lakini hakunipa. "Umeniona nikitua? Usinionee huruma. Sema kweli."

"Nimekuona ukitua mara mbili, Delmar. Ile ya kwanza ilikuwa mbaya."

Ndipo akanipa kalamu. Kuandika jina langu kunanichukua muda kuliko yeye kutua. Ile herufi ya kwanza naifahamu. Nyingine lazima nizifikirie moja moja, kama watoto unaowahesabu kabla ya kufunga mlango. Aliniinamia kuzuia upepo usipeperushe ukurasa, na hakunihimiza.

Tukala kuku nyuma ya pikapu. Alisema kuku ni mzuri. Nikasema najua. Akaniuliza kama kule nyuma ya vilima kuna nyumba, nikasema zilikuwapo. Halafu akasafisha mikono kwenye majani, akatazama anga.

"Ningekuchukua turudi pamoja," akasema, "lakini mwanafunzi haruhusiwi kubeba mtu."

"Nani ataendesha pikapu?"

"Ni kweli."

Akapaa. Nikamtazama mpaka akawa kipande cha uzi, mpaka uzi ukakatika. Kisha nikakunja blanketi. Saa tatu za kurudi zilikuwa saa tatu kamili. Sikuwa na haraka ya kufika popote.

Jumatatu alifaulu. Jumanne alikuwa ofisini na leseni yake ndogo, na kabla ya theluji serikali ilikuwa inamlipia. Aliruka majira yote ya baridi kila upepo uliporuhusu. Leseni kubwa aliipata Juni, wiki tatu kabla haki yake haijafa. Akauza shamba, akamchukua mbwa. Akapata kazi Alaska, kupeleka barua na vyakula kwenye vijiji ambavyo havina barabara. Siku ya kuondoka alikunywa kahawa, akaacha kikombe kimegeuzwa chini juu ya sahani, kama anavyofanya mtu asiyetaka kuongezewa. Akanipa mkono. Ndiyo kuaga kwenyewe.

Wengine nao, mmoja baada ya mwingine, miaka yao kumi ikaisha. Clete alikwenda Texas. Verlyn alibaki na wanafunzi wawili, kisha mmoja, kisha akauza ndege. Viti vyangu sita nikavipanga vizuri, vikabaki vimepangwa vizuri.

Barua ya Delmar ilikuja mwaka wa themanini. Ukurasa mmoja, na kwa mtu yule ukurasa mmoja ni kitabu. Niliisoma siku mbili, kidole kwenye mstari. Alisema huko kila anapotua kijiji kizima kinatoka, wazee, watoto, mbwa, hata kwenye baridi ya kupasua mawe, wanasimama kando ya ukanda wakingoja ndege. Alisema mwanzoni hakujua atazame wapi. Akauliza kaunta inaendeleaje.

Nikakaa kumjibu. Nikaandika kwamba watu wamejaa hata sahani hazitoshi, kwamba wengine wanakula wamesimama, kwamba Verlyn amenunua ndege ya tatu. Ilinichukua asubuhi nzima, na ilikuwa nzuri. Nikaisoma tena. Halafu nikaona siwezi kumtumia huyu mtu orodha ya watu ambao hawapo.

Nikachukua karatasi nyingine. Nikaandika: Kaunta imefungwa tangu Septemba. Nipo mimi na redio. Kuku bado nakaanga vizuri. Nikatia jina langu chini, herufi moja moja, nikaipeleka posta kwa miguu ili safari iwe ndefu.